Firigisi Moja, Vinywa Vinne

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mazimwi, ni zamani ya juzi tu, simu za kupapasa zilipokwisha kuingia hata mifukoni mwa wachunga mbuzi, palikuwa na vijiji viwili vilivyotazamana. Kimoja kiliitwa Kilimani, kingine Bondeni, na katikati yao ulipita mto. Kaeni vizuri. Wa kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwisho nitauliza swali, na sitaki mtu aje kuniambia hakusikia.

Watu wa Kilimani na watu wa Bondeni walikuwa watani tangu enzi za mababu. Utani mnaujua. Mtani akikuita nyani, unamshukuru na kumuuliza habari za ndugu zake walioko porini. Akija kwako haketi sebuleni, anakwenda moja kwa moja jikoni kufunua sufuria. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kulikalia jeneza na kukataa kuondoka mpaka apewe jogoo. Waliofiwa wanalia huku wanacheka, na kile kicheko ndicho kinachofungua koo, chakula kikapita. Msiba usiokuwa na watani hauishi, unakatika tu.

Basi huko Kilimani aliishi mjane mmoja, Bi Mashavu, goti bovu, ulimi mzima. Mtani wake mkubwa alikuwa Mzee Chambuso wa Bondeni. Wawili hawa walitukanana tangu ujana wao, kwa mapenzi makubwa, na hakuna aliyewahi kumkosea mwenzake hata siku moja.

Siku hizo utani ulikuwa umehamia simuni, katika mtandao mmoja mkubwa mno ulioitwa Uwanja. Imamu alikuwa Uwanjani, mwizi wa kuku alikuwa Uwanjani, na mwenye kuku alikuwa Uwanjani akimtafuta. Uwanja ulikuwa na mwenyewe, tajiri ambaye hakuna aliyejua anakaa wapi, naye alikuwa ameuachia mtambo uuangalie. Mtambo ule ulijua kila kitu isipokuwa mambo ya watu.

Bi Mashavu hakuupenda Uwanja kwa sababu moja: ulimchanganya na mkwewe. Binti yake aliolewa na Mwinjuma, fundi cherehani wa Bondeni, na mama mkwe na mkwewe, mnajua wenyewe, wakikutana njiani mmoja hujitia kichakani. Lakini Uwanja ulikuwa peupe, hauna kichaka. Kila kukicha ulimletea habari: "Mwinjuma amependa picha yako." "Mwinjuma yuko hewani, msalimie!" Maskini Bi Mashavu akawa anaifunika simu kwa khanga kila anapotaka kupiga miayo.

Sasa ikanyesha mvua. Mto ukafurika, daraja likaenda na maji. Na katikati ya mvua hiyo hiyo mke wa Mzee Chambuso, Bi Rehani, akafariki.

Watani wa Kilimani walisimama ukingoni wamelowa, wanatazama ng'ambo, hawana pa kupita. Bi Rehani akazikwa bila mtani hata mmoja. Hakuna aliyelikalia jeneza, hakuna aliyedai jogoo, hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo Mzee Chambuso akawa si mtu. Akiwekewa ugali anautazama. Akipigiwa simu hapokei. Anakunywa chai ya rangi, anakaa kitandani, anapapasa Uwanja kutwa, juu chini, juu chini, na mashavu yanamwingia ndani.

Habari zikamfikia Bi Mashavu, akashikwa na hofu. Alilia, nawaambia, alilia kwa uchungu, maana alijua dawa anayo yeye na mto umemzuia kuifikisha. Kisha akajifuta machozi akaishika simu. Akaandika hapo Uwanjani, mbele za watu, kama inavyotakiwa, kwa kuwa utani wa mbele za watu ni utani, na utani wa faraghani ni matusi:

"We Chambuso, kichwa kama kibuyu cha togwa! Usipokula nakuja kukuzika mzima mzima, na jeneza nalikalia mpaka wanao wanipe jogoo!"

Mtambo ukajibu papo hapo: "Ujumbe wako umeondolewa. Umetishia uhai wa mtu. Akaunti yako imefungiwa."

Bi Mashavu akabonyeza pale palipoandikwa *Sikubaliani*. Akaeleza kwa urefu: utani ni nini, watani ni nani, jogoo ni wa nini. Mtambo ukajibu: "Asante kwa maoni yako. Tumeona unapenda majeneza. Bonyeza hapa upate punguzo."

"Mwana kulaaniwa!" akasema Bi Mashavu. "Kwa hiyo humu kumtukana mtani wangu ni kosa, ila kuniuzia jeneza ruksa?"

Akaufuta Uwanja kwenye simu yake. Akawa wa kwanza kuondoka katika Kilimani nzima. Watu wakamcheka: "Bi Mashavu kahama dunia! Sasa utaongea na nani, na kuku?"

Kumbe ndivyo hasa. Alikwenda kwa Sikudhani, mfuga kuku.

Sikudhani aliwahi kufanya kazi za kompyuta mjini, akachoshwa na mabosi, akarudi kufuga kuku, ambao alisema wanapiga kelele vilevile lakini wanataga. Katika chumba cha nyuma alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga, na pembeni yake kompyuta kuukuu.

"Shangazi," akasema Sikudhani, "kwani lazima tukae kwenye uwanja wa mtu? Kila nyumba ina baraza yake. Mimi nitafungua baraza ya Kilimani humu ndani ya kompyuta yangu, kanuni tutaweka wenyewe. Bondeni nao wakitaka wafungue yao kwao. Baraza kwa baraza zinapelekeana salamu. Na mtu akikukera, unajua kwake ni wapi."

"Na mkwe wangu?"

"Mkweo atakaa barazani kwao, wewe barazani kwako. Hamtaonana."

Bi Mashavu akamkumbatia mpaka mayai aliyoyashika Sikudhani yakavunjika mawili.

Basi baraza ikafunguliwa. Kanuni ya kwanza: mtani hafungiwi. Kanuni ya pili: anayeuza dawa za nguvu za kiume atolewe kabla hajamaliza sentensi. Watu wa Kilimani wakaja mmoja mmoja, walewale waliocheka, na kila aliyeingia alisema yeye alikuwa na wazo hilo tangu zamani.

Wakaja wote ila mmoja. Huyo alikuwa Kondo, muuza magodoro. Kondo alikataa kutoka Uwanjani. "Wateja wangu wako huku," alisema. Wakamwita msaliti. Wakamwita kijakazi wa mtambo. Bi Mashavu ndiye aliyemsema zaidi, akasema Kondo ni godoro lenyewe, kila mtu humlalia. Kondo akaendelea kuposti picha za magodoro.

Ng'ambo ya mto, Mwinjuma akasikia habari ya baraza, akasema na sisi tusipitwe. Akafungua baraza ya Bondeni katika kompyuta ya mwanawe, kando ya cherehani. Lakini Mwinjuma alikuwa mtu wa adabu, mwenye wasiwasi, anayepiga pasi hata leso. Akaweka lango. Kila neno linalotoka Kilimani lilitakiwa lisubiri mpaka yeye, mlinda lango, alisome na kulipitisha. Bonyezo la kupitisha lilikuwa mwisho kabisa wa ujumbe, chini, baada ya maneno yote, ili asije akapitisha kitu hajakisoma.

Kwa hiyo baraza zikawa mbili, njia ikawepo, na bado Mzee Chambuso hayupo. Yeye yuko Uwanjani peke yake. Watani wameondoka, majirani wameondoka, na mtambo unamletea matangazo ya mafuta ya nywele. Hakujua kama kuna baraza; kila mtu wa Bondeni alidhani mwenzake ameshamwambia. Aliyejaribu kuandika Uwanjani kwamba watu wamehamia mahali, mtambo uliuficha ujumbe wake, maana hakuna mwenye duka anayekuonyesha mlango wa kutokea.

Siku moja likapita tangazo mbele ya macho ya mzee: "GODORO NENE, HALIBONYEI, LALA UPENDE! Linafaa kwa wazee, wagonjwa na wenye majonzi. Mzee Chambuso wa Bondeni, watu wako wamehama, wanakuulizia. Mwulize Mwinjuma fundi cherehani akuonyeshe njia. Godoro lina dhamana."

Mtambo haukulizuia. Tangazo lilikuwa limelipiwa, na kilicholipiwa mtambo haukisomi. Tena ulimpelekea mzee mara nyingi sana, kwa kuwa ulishahesabu kwamba mtu huyu hatoki kitandani.

Mzee Chambuso akanyanyuka, akajikongoja mpaka kwa Mwinjuma, akaonyeshwa, akaingia baraza ya Bondeni. Akakaa kimya kule kama alivyokaa kimya Uwanjani, ila sasa yuko kwa watu. Hakula. Nguo zilimpwaya, akawa kama kanzu iliyotundikwa msumarini.

Habari zikavuka: mzee ameingia! Bi Mashavu akakaa kitako. Safari hii hakukurupuka. Alijua neno ni moja tu, likikosea hakuna la pili. Alitafuta hilo neno tangu asubuhi, akaunguza maharage, akamtilia mjukuu chumvi badala ya sukari katika chai, mpaka likamjia.

Na mara alipolipata, umeme ukakatika Kilimani nzima.

Sikudhani alikuwa na betri moja ya sola, na mawingu yalikuwa yamelala juu ya paa. Betri ile ilitosha kitu kimoja: ama mashine ya vifaranga, ama kompyuta ya baraza. Ndani ya mashine mlikuwa na mayai yaliyobakiza kidogo yatotolewe, mtaji wake wote wa mwaka. Sikudhani akayatazama mayai. Mayai yakamtazama. Akachomoa waya wa mashine akachomeka wa kompyuta.

"Andika, shangazi," akasema, "andika upesi." Kisha akayakusanya yale mayai, akajifunga nayo tumboni kwa khanga mbili, akajilaza chini ya blanketi, akatulia kama tetea. Mume wake alipoingia akauliza chakula, alijibiwa: "Usinishtue, nimeatamia."

Bi Mashavu akaandika:

"We Chambuso, mbona huna huruma! Miaka yote hiyo Rehani hakupata usingizi kwa mikoromo yako na mashuzi yako. Ndiyo kwanza maskini kapata pa kupumzika, na wewe unajikondesha umfuate? Kula, mshenzi we! Mwache mwenzio alale!"

Akabonyeza. Ujumbe ukaondoka Kilimani, ukavuka mto, ukafika langoni kwa Mwinjuma.

Mwinjuma akaona jina la aliyetuma. Akaruka kutoka kitini kama aliyechomwa sindano ya cherehani yake. Mama mkwe! Maneno ya mama mkwe, tena ya utani! Mkwe kuyasoma maneno kama hayo ni aibu isiyofutika, ni kumvua mama nguo. Akafumba macho akapapasa akitafuta bonyezo, akalikosa. Akajifunga kitambaa cha bitana usoni, akabonyeza, kumbe kafungua redio. Akamwita mkewe asome badala yake, mkewe akasema, "Mama yangu mzazi? Mimi simo!" akatoka mbio na ndoo isiyokuwa na kazi.

Mwinjuma akachungulia dirishani. Mzee Chambuso alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, simu mkononi, sahani ya ugali imejaa inzi kando yake. Mwinjuma akasema, "Mungu nisamehe." Akarudi kwenye kompyuta, macho wazi. Akasoma lote, mpaka mwisho, pamoja na mashuzi. Akalipitisha. Kisha akajifunika shuka gubigubi mchana kweupe.

Halafu nje pakasikika sauti ambayo Bondeni hawakuisikia tangu mvua zile. Ilianza kama kikohozi. Ikawa mluzi. Ikawa kicheko, kicheko cha mzee asiyekuwa na meno ya mbele, kikapanda kikashuka, na machozi yakamtoka humohumo ndani ya kicheko, machozi yote aliyoshindwa kuyalia kaburini. Alimlilia mkewe na kumchekea pamoja. Alipomaliza akajifuta kwa mkono wa kanzu, akainua uso, akasema, "Huu ugali umepoa. Nani anapasha ugali hapa?"

Mto ulipopungua, watu wa Kilimani wakavuka. Bi Mashavu alibebwa mgongoni na vijana, akiwatukana njia nzima kwamba wanatembea kama bata. Mzee Chambuso akachinja jogoo, jogoo wa msiba aliyekuwa anadaiwa, akapikwa kwa nazi, akapakuliwa. Na ndani ya kibakuli, peke yake, ikawekwa firigisi.

Mnajua firigisi. Kuku ana mapaja mawili, mabawa mawili, lakini firigisi ni moja, na kwa watu hawa haikatwi. Ni ya mkuu wa nyumba au mgeni wa heshima, basi. Mzee Chambuso akasema, "Firigisi hii siili mimi. Ataila yule aliyenirudisha kwa watu."

Bi Mashavu akanyoosha mkono hata kabla mzee hajafunga mdomo. Msimcheke. Mama huyu alipika firigisi tangu alipoolewa. Aliosha firigisi, akamenya firigisi, akakaanga firigisi, akaipeleka mezani kwa baba mkwe, kwa mume, kwa mashemeji, kwa wageni wa mume. Kuila, hajaila. Hajui hata ladha yake. Na sasa ilikuwa pale, inang'aa kwa tui, na moyo ulimwenda mbio kama wa mwari.

"Ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyetoka Uwanjani wa kwanza, peke yangu, mkanicheka. Na neno lililomchekesha ni langu. Baraza bila neno ni nini? Ni kibao cha kukalia."

"Shikamoo shangazi, lakini ngoja," akasema Sikudhani. "Neno lako lingekaa wapi? Baraza nimeifungua mimi. Umeme ulipokatika nilichomoa mayai yangu. Betri ikaishia humo, nikalala nayo tumboni siku zote ambazo umeme haukurudi, nikatotoa vifaranga viwili, na kimoja mpaka leo kinamwona mume wangu ni adui. Nimepoteza mtaji wa mwaka. Wewe umepoteza nini? Maharage?"

Kutoka nyuma ya mlango ikaja sauti ndogo. Alikuwa Mwinjuma, aliyekataa kuingia chumba alimo mama mkwe wake, naye aliongea na ukuta. "Mimi simjibu mama. Naueleza ukuta huu. Ee ukuta, baraza yao ilikuwa ng'ambo na mzee yuko huku. Lango ni langu. Nililifungua kwa aibu yangu mwenyewe. Wao wamepoteza mayai, mayai hutagwa tena. Mimi uso wangu utatagwa na nani?"

Bi Mashavu aliposikia hivyo alijifunika khanga kichwani, maana sasa aliamini kweli kwamba mkwe amesoma. Hata mashuzi amesoma! Alitamani ardhi ipasuke. Lakini mkono wake haukuondoka karibu na kibakuli.

Hapo akaingia Kondo, amebeba godoro kichwani. Watu wakaguna. "Msaliti naye!"

"Guneni," akasema Kondo. "Mlipohama mlihama kwa shangwe, mkaniachia matusi, na mzee mkamwacha. Nani alirudi kumtazama? Aliyebaki ndiye aliyemwona anaisha. Nililipia tangazo lile, na godoro hata moja sikuuza, maana kila aliyelisoma alidhani Mzee Chambuso ni aina ya godoro. Neno mnalo, baraza mnayo, lango mnalo. Mzee mngempata wapi?"

Pakazuka zogo. Kilimani wakasema neno. Mafundi na wafuga kuku wakasema mayai. Wanaume wenye wakwe wote, bila kujali kijiji, wakasema Mwinjuma, na wengine walikuwa na machozi. Bi Mashavu akageuka kwa Kondo, akafungua mdomo amtie lile neno la godoro mara ya pili, akajikuta amekumbuka kwamba kweli, siku ile baraza ilipojaa na kuchangamka, hata yeye alisahau kwa muda kwamba mzee hayumo. Likamchoma. Akaufunga mdomo.

Mzee Chambuso akashika kichwa. "Ningejua," akasema, "ningekufa tu, ingekuwa rahisi." Kisha akaichukua firigisi kwa vidole, ikichuruzika tui, akaiinua mbele ya watu wote. Vinywa vinne vikafunguka: kimoja cha msaliti aliyebaki, kimoja nyuma ya mlango, kimoja cha mwanamke aliyeatamia, na kimoja cha Bi Mashavu, ambacho tangu azaliwe hakijaonja firigisi.

Mkono wa mzee uko hewani hivi tunavyozungumza, na firigisi inapoa. Msiniambie ikatwe, nimeshasema haikatwi. Msiniambie mzee aile mwenyewe, ameshakula ugali wake. Na wewe uliyesinzia pale nyuma, usinitazame mimi, mimi si wa Bondeni.

Je, katika hao wanne, nani alistahili firigisi?